ZEBAKI NA USHAHIDI WA NURU

Somo la elimu ya maumbile kwa wanafunzi wa madrasa na wazazi wao



 Katika kurasa hizi tumezoea kusoma masomo ya tohara, sala na adabu. Leo tunasoma juu ya nuru, juu ya metali moja, na juu ya namna nuru inavyotoa ushahidi dhidi ya metali hiyo. Swali letu ni hili: vipi mtu anaweza kuijua sumu isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha, hata ikawa imo chumbani mwake na yeye hana habari? Sumu hiyo ni mvuke wa zebaki. Somo hili linazihusu nyumba zetu za Mji Mkongwe na za shamba pia, kama tutakavyoona mbele, inshaallah.

1. Zebaki ni nini?

Neno zebaki limetujia kutoka Kiarabu, zi'baq. Ni metali kama zilivyo chuma, shaba na dhahabu, lakini ina sifa ya pekee: katika joto letu la kawaida ni majimaji. Ukiimwaga sakafuni hukatika vidonge vidonge vinavyong'ara na kukimbiana, na ndiyo maana watoto huvutika kuichezea. Ni nzito mno. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu. Msumari wa chuma ukiutia ndani ya zebaki huelea.

Sifa yake ya pili ni kuipenda dhahabu. Dhahabu ikigusana na zebaki, zebaki huingia ndani yake, zikachanganyika na kuwa kitu kimoja cheupe. Pete ya dhahabu ikiguswa na zebaki hupauka kama fedha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua sifa hii na wanaitumia, na sisi tutairejea.

Sifa ya tatu ndiyo yenye khatari zaidi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, lakini haisubiri kuchemka ndipo itoe mvuke. Kama vile kanga mbichi inavyokauka kambani bila ya maji yake kuchemshwa, ndivyo zebaki iliyo wazi inavyoruka hewani kidogo kidogo. Katika chumba kilichofungwa chenye nyuzi joto 20, hewa inaweza kubeba miligramu 13 hivi za zebaki kwa kila mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo kuwa hewa ya kuvuta mwaka mzima isizidi mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Hesabu mwenyewe: hewa ile inaweza kuzidi kiwango mara 13,000, na aliyemo chumbani haoni kitu wala hanusi kitu. Na kwetu joto ni zaidi ya nyuzi 20, na joto likizidi mvuke huzidi. Katika mvuke anaouvuta mtu, sehemu kubwa, kiasi cha asilimia 80, hubakia mwilini. Madhara yake hufika kwenye ubongo, mishipa ya fahamu na mafigo.

Jicho halituonyeshi, na pua haituambii. Ni nani basi atakayetoa ushahidi?

2. Kila metali ina alama yake

Jaribio hili mmekwisha kuliona jikoni. Maji ya chumvi yakimwagikia moto wa gesi, moto ule wa buluu hugeuka manjano ghafla. Manjano ile ni ya sodiamu, metali iliyomo ndani ya chumvi. Kila unapokutana na sodiamu katika moto, utaiona manjano ile ile. Shaba hutoa kijani.

Sababu yake ni kwamba kila metali imejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu, na kila atomu ina elektroni zilizopangwa kwa daraja. Elektroni haipandi daraja ila kwa kuchukua kiasi maalumu cha nishati, wala haishuki ila kwa kukitoa kiasi kile kile. Daraja za sodiamu si daraja za shaba, na za shaba si za zebaki. Kwa hiyo kila metali inatoa rangi zake, na inafyonza rangi zake zile zile. Zingatieni jambo hili, kwani ndio msingi wa somo letu lote: rangi ambayo atomu inaweza kuitoa, ndiyo rangi ambayo inaweza kuifyonza.

Waislamu wa zamani wana sehemu kubwa katika elimu ya nuru. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi zake Cairo, aliandika Kitab al-Manazir, na ndani yake alisisitiza kuwa rai juu ya nuru na kuona ijaribiwe kwanza kabla ya kukubaliwa. Karne nyingi baadaye, mwaka 1814, Mjerumani Joseph von Fraunhofer aliipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, akaikuta safu ya rangi kama upinde wa mvua, lakini imekatwa na mistari mingi myeusi. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walibainisha maana ya mistari ile: ni mahali ambapo mvuke wa metali mbalimbali, ulioko kwenye anga ya jua, umefyonza rangi zake. Safu hiyo ya rangi pamoja na mistari yake huitwa spektra. Kwa spektra wataalamu wamejua kuwa juani mna chuma, na hakuna mtu aliyefika huko.

3. Nuru isiyoonekana

Alama ya zebaki ni ipi? Hapa jicho letu linashindwa. Nuru ni mawimbi, na urefu wa wimbi lake hupimwa kwa nanomita. Milimita moja ni nanomita milioni moja. Jicho la mwanaadamu linaona kuanzia nanomita 400 hivi, ambayo ni rangi ya urujuani, mpaka kiasi cha 700, ambayo ni nyekundu. Ile iliyo fupi kuliko urujuani huitwa nuru ya urujuanimno. Ipo, na jua linaileta, nayo ndiyo inayopausha mapazia na kuunguza ngozi, lakini hatuioni.

Alama kubwa ya zebaki imo humo, kwenye nanomita 253.7. Na ajabu ni kwamba wengi wetu tumesoma kwa msaada wake. Taa zile ndefu za tubu ndani yake mna mvuke kidogo wa zebaki. Umeme ukipita, zebaki hutoa nuru ya nanomita 253.7. Nuru hiyo hugonga unga mweupe uliopakwa ndani ya tubu, na unga ule ndio unaotoa mwanga tunaouona.

4. Atomu ikivuliwa elektroni

Kabla ya kufika maabara kuna jambo moja la kuelewa, na wanafunzi wa skuli za sekondari walishike vizuri. Atomu ikipoteza elektroni hugeuka kuwa ayoni, na ayoni haina tena alama ile ya atomu yake. Ni mtu yule yule, lakini amebadilisha saini. Zebaki nzima inafyonza kwenye 253.7, zebaki iliyovuliwa elektroni moja ina alama yake kwenye 194.2.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa leza, yaani nuru kali ya rangi moja. Mwaka 1976 huko Marekani, T. B. Lucatorto na T. J. McIlrath waliujaza mrija mvuke wa sodiamu, kisha wakaupiga kwa leza ya manjano ile ile ya sodiamu tuliyoiona jikoni. Kwa muda mfupi usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, karibu atomu zote zilivuliwa elektroni moja moja. Hapo hapo wakapitisha nuru ya urujuanimno fupi sana na kuipiga picha spektra yake. Ikadhihiri kuwa alama za atomu zimeondoka, na alama za ayoni zimeshika nafasi yake.

Faida tunayoichukua ni hii: anayetafuta alama ya metali lazima ajue metali ile imo katika hali gani. Zebaki iliyomo ndani ya sabuni, krimu, nywele au samaki imefungamana na vitu vyengine. Haikai kama atomu huru, na ukiimulika hivyo hivyo haitatoa alama yake ya 253.7. Ni lazima kwanza ifunguliwe.

5. Namna inavyopimwa

Njia inayotumika sana katika maabara za dunia huitwa njia ya mvuke baridi. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, kipande kidogo cha kitu kinachopimwa huyeyushwa kwa asidi kali mpaka kila kilichofungamana na zebaki kivunjike.

Pili, hutiwa dawa iitwayo kloridi ya bati. Dawa hii huirejeshea zebaki elektroni zake, ikawa tena atomu huru.

Tatu, hewa hupulizwa ndani ya maji yale. Zebaki, kwa tabia yake ya kuruka, huondoka pamoja na hewa. Metali nyengine nyingi zinahitaji moto mkali ili ziwe mvuke. Zebaki haihitaji, na ndiyo sababu ya kuitwa mvuke baridi.

Nne, hewa ile hupitishwa katika mrija. Upande mmoja wa mrija pana taa ya zebaki inayotoa nuru ya 253.7, na upande wa pili pana kipokezi kinachoipima nuru inayofika. Madirisha ya mrija hayawi ya kioo cha kawaida, kwani kioo cha madirisha yetu huizuia nuru hii. Huwa ni ya kwatsi, aina ya jiwe angavu linaloipitisha.

Tano, husomwa hesabu. Zebaki ya kwenye taa inatoa nuru, na zebaki ya kwenye mrija inaifyonza. Nuru ikipungua, zebaki imetajwa kwa jina lake.

6. Hesabu ya nuru

Wengi hudhani kuwa zebaki ikiongezeka mara mbili, nuru iliyopotea pia itakuwa mara mbili. Sivyo. Tuseme taa inatoa sehemu 100 za nuru, na mvuke wa kiasi fulani umefyonza nusu, zikabaki 50. Tukiongeza mvuke mwengine wa kiasi kile kile, huo wa pili hautaikuta 100, utaikuta 50, nao utachukua nusu yake. Zitabaki 25. Wa tatu ataacha 12 na nusu.

Kwa hiyo kwanza hupimwa kiasi kinachojulikana, kisha kile kisichojulikana. Ikiwa mikrogramu 1 ya zebaki inaacha nuru 50, na sampuli yetu imeacha 25, basi sampuli ina mikrogramu 2.

7. Masharti ya shahidi

Mwanafunzi wa madrasa anajua kuwa si kila anayesema hupokewa ushahidi wake. Shahidi ana masharti, na chombo nacho kina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kupima maji matupu yaliyotiwa dawa zile zile, bila ya sampuli. Pengine zebaki imetoka kwenye dawa zenyewe au kwenye chupa isiyosafishwa vyema. Sharti la pili ni kupima kiasi kinachojulikana, ili tujue kuwa chombo hakipunguzi wala hakizidishi. La tatu ni kurejea kupima, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi. La nne ni kuhakikisha kuwa hakuna kitu chengine kinachojifanya zebaki, kwani moshi na mivuke ya baadhi ya mafuta nayo inafyonza nuru karibu na 253.7. Anayeacha masharti haya anaweza kumtuhumu asiye na kosa au kumwachia mwenye kosa.

8. Kisa cha Mwanza

Sasa tuvuke bahari twende bara, kwenye Ziwa Victoria, tuone faida ya ushahidi huu.

Katika mikoa ya kandokando ya ziwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki, dhahabu ikashikwa, kisha donge lile huwekwa juu ya moto. Zebaki huruka hewani na dhahabu hubaki, na anayeshika moto ule ndiye anayeuvuta mvuke. Mwaka 2003, katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, wakaazi wa Rwamagasa, Geita, walipimwa afya zao, na hasa wale wanaounguza madonge walikutwa na zebaki nyingi mwilini.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1996, alifika Tanzania daktari wa Kijapani, Masazumi Harada. Huyu alitumia umri wake kuwahudumia na kuwatetea wagonjwa wa Minamata, mji ambao kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaibeba, na watu waliokula samaki wale wakapooza, wakapofuka na wengine wakafa. Maradhi yale yalitambuliwa rasmi mwaka 1956. Khofu ilikuwa ni kwamba dhahabu ya Ziwa Victoria nayo itawatia sumu samaki, na samaki wawatie sumu watu.

Zikachukuliwa nywele za wachimbaji, za wavuvi na jamaa zao, na za wakaazi wa mji wa Mwanza, kwani unywele huhifadhi khabari ya zebaki iliyoingia mwilini. Majibu yakaja kinyume na dhana. Walikuwamo waliozidi sehemu 50 kwa milioni, kiwango kilichohesabiwa kuwa cha khatari huko Minamata, na miongoni mwao walikuwamo watu wa mjini wasiochimba dhahabu. Samaki walipopimwa, zebaki yao ilikuwa ndogo. Basi imetoka wapi?

Imetoka bafuni. Watu wale walikuwa wakitumia sabuni ya kung'arisha ngozi, na ndani yake mlikuwa na chumvi ya zebaki kiasi cha asilimia 2. Baadhi yao walikuwa na dalili za sumu: kutetemeka, uchovu, kizunguzungu, mabaka ya ngozi na maradhi ya mafigo.

Ndugu wasomaji, tulizingatie hili. Lau hukumu ingetolewa kwa dhana, samaki wangesingiziwa, wavuvi wangekosa riziki, na sabuni ingeendelea kuuzwa. Kipimo kiliwasafisha waliodhaniwa na kukifichua kile ambacho hakikushukiwa.

9. Nyumbani kwetu

Kisa hicho ni cha bara, lakini sabuni na krimu hazijui bahari. Mkorogo umeingia Unguja kama ulivyoingia kwengineko, na wanaoutumia ni mama zetu, dada zetu na siku hizi hata vijana wa kiume. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ndiyo sababu mtu huonekana ameng'ara. Lakini inapita ngozini mpaka damuni, na mafigo ndiyo yanayolipa. Tena haiishii kwa mpakaji. Hubaki kwenye taula na mito, huruka mvuke chumbani, na mtoto anayebebwa au kulala na mama yake huipata. Mama mwenye mimba huipitisha kwa aliye tumboni.

Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwanzo kiwango cha vipodozi kilikuwa sehemu 1 kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata hicho, na kutaka vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe, visiingizwe nchini wala kusafirishwa nje baada ya 2025. Asilimia 2 ya sabuni ile ya Mwanza ni sehemu 20,000 kwa milioni. Piga hesabu.

Sisi majumbani hatuna taa ya 253.7 wala mrija wa kwatsi. Tufanye haya:

(a) Soma kila kilichoandikwa kwenye kopo. Maneno mercury, mercuric, mercurous, mercurio, calomel au alama Hg yote ni zebaki. Kisicho na maandishi ya waliokitengeneza usikipake.

(b) Ukiona onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini, jua sababu yake. Zebaki huishika dhahabu, kama tulivyosoma mwanzo. Krimu inayokhofiwa kuharibu pete ya bibi harusi, vipi itapakwa kwenye uso wake?

(c) Usimtuhumu muuzaji kwa uvumi. Kipeleke kopo kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao kazi yao ni kusimamia vipodozi, na vipimo viseme.

(d) Aliyekuwa akitumia aache, na aende hospitali akaeleze bila ya kuona haya. Mkojo na damu hupimwa, na figo linalowahiwa ni tofauti na lililochelewa.

(e) Tubu ya taa au kipimajoto cha zebaki kikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio kwani utaitawanya. Ikusanye kwa karatasi ngumu, itie katika chupa yenye kifuniko. Usiitupe kwenye moto kamwe.

(f) Wasichana wetu wana singo na liwa, vitu vya bibi zetu, vinavyonukia na vinavyojulikana vimetwangwa na nani.

Elimu hii ni katika kuuhifadhi mwili, na mwili ni amana. Kuondosha madhara ni kanuni inayojulikana na kila aliyesoma fikihi, na hatuwezi kuondosha madhara tusiyoyajua. Atakayetaka kuwa mfamasia, mkemia au daktari ajue kuwa kazi yake ya kesho inaanza na hesabu na sayansi anazozisoma leo skuli.

Maswali ya zoezi

1. Kwa nini madirisha ya mrija wa kupimia zebaki hayatengenezwi kwa kioo cha kawaida?

2. Mikrogramu 1 ya zebaki inaacha nuru 50 kati ya 100. Sampuli ya krimu imeacha 12.5. Ina mikrogramu ngapi?

3. Eleza kwa nini kloridi ya bati hutiwa kabla ya kupima, ukitaja tofauti ya atomu na ayoni.

4. Mtu amepima krimu mara moja tu, bila ya kupima maji matupu, kisha akatangaza kuwa duka fulani linauza sumu. Taja makosa mawili aliyoyafanya katika kipimo, na moja aliloifanyia haki ya mwenzake.

5. Soma na mzazi wako maandishi ya vipodozi vyote vilivyomo nyumbani, mwandike orodha ya vile msivyovielewa, na uilete darasani.

Allah atupe elimu yenye manufaa, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.